MAANA NYINGI ZA NENO "PUT UP"

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kuchapwa hapa kwa ombi la Kamati



Katibu aliponiomba nizungumze habari ya Kiingereza cha ofisini, kwanza nilifikiri kusema juu ya barua kwa jumla, namna ya kuzianza na namna ya kuzimaliza. Lakini jambo hilo limekwisha semwa mara nyingi, na vitabu vyake vipo. Nimeona ni heri nichukue neno moja tu, dogo, ambalo karani yeyote asomaye Kiingereza hukutana nalo mara kwa mara, nilichambue mbele yenu kama mtu achambuavyo mchele. Neno lenyewe ni "put up".

Huenda wengine wenu mtaniuliza: Kwa nini tujisumbue na Kiingereza, na hali Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi za Serikali ya Tanzania tangu mwaka 1967? Swali hilo ni la haki, nami nafurahi kama ninyi kwamba twaandika kwa lugha yetu. Walakini mikataba mingi, na barua za nchi za nje, na majalada ya zamani yaliyojaa katika masijala, yameandikwa kwa Kiingereza. Karani ayasomaye kwa kubahatisha hawezi kumtendea haki mtu ambaye shauri lake limo ndani yake. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuwafundisha mchezo wa shuleni. Nimekuja kusema habari ya kazi yetu.

NENO LA NAMNA GANI HILI

Wanasarufi wa Kiingereza huyaita maneno ya namna hii "phrasal verbs", yaani maneno ya tendo yaliyofungwa pamoja na kijineno kimoja au viwili hata yakawa kama neno moja. Jina hilo si la zamani sana. Lilichapwa katika kitabu cha Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye mwenyewe alieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford. Lakini jambo lenyewe ni la kale kuliko jina lake. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba hakuna maungano ya maneno yanayowatatiza wageni kama haya. Basi tusione haya. Waingereza wenyewe walikwisha kutambua taabu yetu zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

Taabu yenyewe ni hii. Mwanafunzi ajua kwamba "put" ni kuweka, na "up" ni juu. Huunganisha hayo mawili, akapata "kuweka juu". Mara nyingine atakuwa amepata. Mara nyingi atakuwa amepotea kabisa, wala hatajua kwamba amepotea, kwa kuwa kila neno analijua. Neno gumu lisilojulikana humpeleka mtu kwenye kamusi. Lakini neno jepesi humdanganya akapita.

Wala tusiwacheke Waingereza. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hupata taabu ile ile kwa neno letu "piga". Atafundishwa siku ya kwanza kwamba kupiga ni kumtwanga mtu kwa fimbo au kwa mkono. Halafu ataingia ofisini asikie kwamba karani amepiga muhuri, amepiga simu, amepiga hesabu, amepiga chapa barua, na mchana amepiga miayo. Na jambo fulani limepigwa marufuku. Hakuna aliyeumizwa! Sisi hatuoni ajabu, kwa sababu hatulisikii "piga" peke yake. Twalisikia pamoja na rafiki yake. "Piga hodi" ni jambo moja, na "piga kura" ni jambo jingine. Hivyo ndivyo Mwingereza alivyo kwa "put up". Maana haikai katika "put", wala haikai katika "up". Hukaa katika kitu kinachotajwa pamoja nayo.

MAANA ZAKE

Sasa nitazitaja maana hizo moja moja, nikianza na zile zilizo karibu na mwanzo wake.

Ya kwanza ni kuinua. "Put up your hand" ni inua mkono, kama mtoto darasani atakaye kujibu. Lakini mwavuli, ukiambiwa "put up your umbrella", hauinui tu; waukunjua.

Ya pili ni kusimamisha au kujenga: hema, ua, banda, hata nyumba ya ghorofa. Hapa "juu" bado yaonekana, maana kitu kilichokuwa chini sasa kimesimama.

Ya tatu ni kubandika au kutundika. "Put up a notice" ni kubandika tangazo ubaoni.

Ya nne ni kupandisha: bei, kodi ya nyumba, nauli. "The landlord has put up the rent" maana yake mwenye nyumba ameongeza kodi, na hakuna mpangaji asiyeielewa maana hiyo mara moja.

Hata hapa mtu aweza kufika kwa akili yake. Kuanzia sasa njia yaanza kupinda.

Ya tano ni kumpa mgeni malazi. "Can you put up two visitors?" ni kuuliza kama unaweza kuwalaza wageni wawili nyumbani kwako. Na mgeni mwenyewe, akifikia katika hoteli, husemwa "he put up at the hotel". Ofisi ikiletewa barua yenye kusema "Please put up the auditor for two nights", mkaguzi hatakiwi kutundikwa ukutani. Atakiwa kitanda na chakula.

Ya sita ni kutoa fedha kwa ajili ya jambo, kama watu wanaochanga mtaji wa duka, au mtu awekaye dhamana ili ndugu yake aachwe nje mpaka siku ya kesi.

Ya saba ni kumsimamisha mtu katika uchaguzi. Chama kikisema "we shall put up a candidate", kitamtoa mtu wa kugombea.

Ya nane ni kutoa kitu kiuzwe, hasa kwa mnada: "put up for sale", au "put up for auction". Mabwana, hapa pana hatari. Shamba lililo "put up" peke yake halieleweki. Lakini nyumba iliyo "put up in 1950" imejengwa mwaka huo, na nyumba iliyo "put up for sale in 1950" imetolewa iuzwe mwaka huo. Mtu akisoma hati ya zamani kwa haraka akaruka yale maneno mawili, "for sale", amekwisha kugeuza historia ya mali ya watu.

Ya tisa ni kuonyesha bidii katika kushindana: "they put up a good fight", walipigana vizuri. Mara nyingi husemwa juu ya walioshindwa, ili kuwapa heshima yao.

Ya kumi ni ya ajabu kuliko zote, nayo ni ya Kiingereza cha kale. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Injili ya Yohana mlango wa 18, Petro aamriwapo kurudisha upanga wake alani, neno lililotumika ni hili hili "put up". Upanga uliokuwa juu washushwa, na Mwingereza wa zamani asema "up"! Maana yake ni kuhifadhi, kuweka kitu mahali pake. Maana hiyo bado ina ndugu zake: Marekani husemwa kwamba mtu "puts up" matunda, yaani huyatia katika chupa na kuyafunga vizuri yasioze. Basi mtu asiamini kwamba "up" daima huelekea mbinguni.

KIJINENO HUKAA WAPI

Kabla sijafika ofisini, niseme neno moja juu ya mpangilio. Ukitaja kitu kwa jina lake, waweza kuliweka jina mwisho au katikati: "put up the tent", au "put the tent up". Yote mawili ni sawa. Lakini ukitumia kiwakilishi badala ya jina, sharti kikae katikati: "put it up", "put him up". Asemaye "put up it" amevunja sheria.

Sheria hii isitushangaze, maana Kiswahili kina jambo lililo karibu nalo. Twasema "nimemweka", na yule mtu aliyewekwa ameingia tumboni mwa neno la tendo, kati ya mwanzo wake na mwisho wake. Hakuna Mswahili asemaye "nimeweka yeye". Kumbukeni hilo, na kosa hili halitawapata tena.

MAANA YA OFISINI

Sasa nafika mahali petu. Katika ofisi za Uhindi wakati wa utawala wa Waingereza, "put up" lilikuwa neno la kila siku kwa kulipeleka jalada au shauri mbele ya mkubwa ili alitolee uamuzi. Na huko latumika hivyo hata leo. Desturi za ofisi zilizokuja Afrika ya Mashariki zilikuwa za ukoo huo huo. Kwa hiyo mwenye kusoma majalada ya zamani akikuta "Please put up", asifikiri habari ya rafu ya juu. Ni agizo kwamba jalada liletwe mezani.

Linao ndugu wawili katika masijala, ambao makarani wengi wawajua kwa herufi zao tu. "B.U." ni "bring up", na mbele yake huandikwa tarehe, yaani jalada liletwe tena siku hiyo. "P.A." ni "put away", yaani kazi imekwisha, jalada lirudishwe mahali pake. Angalieni jinsi "put" ile ile, kwa kubadili kijineno tu, yaweza kuliamsha jalada au kulilaza.

Natoa mfano, wala simsemi mtu wala ofisi. Tuseme mjane ameleta dai la kiinua mgongo cha marehemu mumewe, na cheti cha ndoa hakikuletwa. Karani ataka kumwarifu mkubwa wake kwamba hawezi kulipeleka dai mbele mpaka cheti kipatikane. Akiandika "I cannot put up this claim without the certificate", amesema sawasawa. Lakini tuseme amesikia mahali fulani "put up with", akaona ni tamu zaidi, akaandika "I cannot put up with this claim". Sasa amesema: "Dai hili siwezi kulivumilia." Mkubwa akisoma hayo ataona kwamba karani amechoshwa na dai, au kwamba lina hila. Habari ya cheti haimo. Huenda akatia "P.A.", na jalada likarudi rafuni. Mjane atakuja mwezi huu, atakuja mwezi ujao, ataambiwa asubiri. Atauza mbuzi apate nauli ya kuja tena. Wala hakuna mtu atakayemwambia, kwa kuwa hakuna ajuaye, kwamba shauri lake limelala kwa sababu ya herufi nne.

"WITH" NA "TO"

Kijineno hicho "with" chastahili tukitazame vizuri, maana hugeuza kila kitu. "Put up" ni kutenda. "Put up with" ni kuvumilia. Wala haligawanyiki: twasema "put up with him", si "put him up with".

Na kijineno "to" hugeuza namna nyingine. "Somebody put him up to it" maana yake yuko mtu aliyemchochea, aliyemtia maneno. Kutoka hapo lapatikana jina "a put-up job", yaani jambo lililopangwa kwa siri kabla, njama iliyovishwa nguo ya jambo la kweli.

Nasema hayo kwa chama hasa. Makarani wa nchi hii wana desturi ndefu ya kupeleka maneno yao kwa maandishi. Mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Na mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Waafrika wenzake wawili, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Watu hao walikuwa wakisema mbele ya wenye lugha yao. Ilibidi kila neno lipimwe kabla ya kutoka, kama dhahabu katika mizani, maana likiisha kuandikwa halirudi.

Basi fikirini barua ya chama yenye kusema: "For three years we have put up our complaint." Hiyo ni kusema kwamba kwa miaka mitatu tumelipeleka lalamiko letu. Sasa tieni "with", na barua itasema kwamba kwa miaka mitatu tumelivumilia lalamiko letu wenyewe, jambo lisilo na maana. Nasi tutachekwa, na lalamiko letu litachekwa pamoja nasi. Lakini mkiandika "we have put up with this for three years", mmesema jambo la kweli na lenye nguvu: tumevumilia haya miaka mitatu. Kupeleka neno na kulivumilia ni mambo mawili, na chama sharti kijue siku zote kinafanya lipi.

Na jibu likija lenye kusema "the clerks have been put up to this", msilipokee kwa shukrani mkidhani kwamba mmepandishwa. Mmeambiwa kwamba hamna akili zenu, ila yuko mtu nyuma yenu anayewasukuma. Neno hilo lataka kujibiwa kwa upole na kwa wazi, siku hiyo hiyo.

TUFANYEJE

Waingereza wanao msaada wao wenyewe. Baada ya Wanormani kuishinda nchi yao mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilitawala katika mahakama na ofisi, na Kiingereza kikakaa jikoni na shambani. Hata sheria ilipotolewa mwaka 1362 kwamba mashauri yasemwe mahakamani kwa Kiingereza, maneno ya kigeni yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Kwa hiyo leo wana maneno ya nyumbani na maneno ya ofisini kwa jambo lile lile, kama sisi tulivyo na "vumilia" letu la asili na "stahimili" lililotoka Kiarabu. Kila maana ya "put up" ina mwenzake aliye neno moja. Kujenga ni "erect". Kuongeza bei ni "increase". Kubandika ni "display". Kumpa mtu malazi ni "accommodate". Kumsimamisha mgombea ni "nominate". Kuvumilia ni "tolerate". Kuchochea ni "instigate". Na kulipeleka jalada mbele ni "submit". Hili la mwisho, kwa asili yake ya Kilatini, ni kupeleka chini! Mmoja asema juu, mwingine asema chini, na jalada lafika meza ile ile.

Basi shauri langu ni haya manne.

Kwanza, usomapo, usitazame "put" wala "up". Tazama kitu kinachotajwa: ni mkono, ni nyumba, ni mgeni, ni bei, ama ni jalada?

Pili, tazama kama nyuma yake pana "with", "to", au "for". Usiruke kijineno hata kimoja.

Tatu, wewe uandikapo, chagua neno moja lililo wazi. Katika mazungumzo "put up" ni zuri. Katika barua ambayo haki ya mtu yategemea, "submit" na "tolerate" haziwezi kuchanganywa.

Nne, ufasiripo kwa Kiswahili, fasiri maana, usifasiri neno. Tusiandike "kuweka juu bei" na hali tuna "kupandisha bei", wala "kuweka juu jalada" na hali tuna "kuwasilisha". Lugha yetu haina upungufu. Uvivu ndio wenye upungufu.

Naomba pia Kamati ifikirie jambo moja. Liwekwe daftari katika chumba cha chama, na kila mwanachama akutapo neno la namna hii kazini aliandike humo pamoja na sentensi nzima alimolikuta, pasipo kutaja jina la mtu wala namba ya jalada. "Bring up", "make out", "take over", "call off", yote yatungojea. Baada ya mwaka tutakuwa na kitabu chetu wenyewe, kilichotoka katika kazi yetu, nacho kitawafaa vijana wanaoingia ofisini baada yetu.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Wanachama wenye maswali nitawajibu kwa kadiri nijuavyo, na wenye kujua kuliko mimi nitawasikiliza kwa furaha.